Tasnifu Iliyorudi Mara Tano

Machi 3

Muhula umefunguliwa na mvua bado haijaja. Nimefuta vumbi mezani, nimeongeza wino kwenye muhuri, nimechonga penseli nyekundu tatu. Orodha niliyoibandika mlangoni inasema watu ishirini na sita watawasilisha tasnifu za uzamili kabla ya tarehe 30 Mei, saa kumi kamili jioni. Nawajua watu wa aina hii. Watakuja wote wiki ya mwisho, wametoa macho, wanasema kompyuta imekufa.

Naandika shajara hii kwa sababu mwaka jana mwanafunzi mmoja alinishtaki kwa maneno ambayo sikuyasema. Nilikuwa nimesema mabaya zaidi, lakini si hayo. Mwaka huu nataka kumbukumbu yangu mwenyewe.

Kazi yangu ni hii. Tasnifu haifiki kwa watahini mpaka ipite mezani kwangu. Pambizo ya kushoto sentimita nne, ili mwenye kujalidi apate pa kushonea. Pande nyingine sentimita mbili na nusu. Ikisiri isizidi maneno mia tatu. Kila aliyetajwa ndani awemo kwenye marejeo. Kurasa zisizidi mia moja na hamsini. Nikikuta kosa nasimama hapo hapo, nazungushia nyekundu, narudisha, sikagui mengine. Yaliyoandikwa siyasomi. Kusoma ni kazi ya watahini, nao kila mwaka wanalalamika kwamba wanachoka. Wanafunzi wananiita Mama Rula na wanadhani sijui.

Machi 5

Mtoto wa marehemu kaka yangu amepita kunisalimia. Nyumbani tunamwita Dokta tangu darasa la tatu, siku alipovaa miwani. Nilimchukua ana miaka kumi, sasa ana ishirini na tisa, na mimi sikujaliwa mwingine. Idara imemwahidi nafasi ya ukufunzi msaidizi ikiwa atakuwa na shahada ya uzamili kabla ya Julai. Ikimpita hiyo, hakuna nyingine.

"Tasnifu imefikia wapi?" nikamuuliza.

"Bado nakusanya data, Shangazi."

"Unaikusanyia wapi, kitandani?"

Akacheka, akanibusu shavuni. Mwaka na nusu sasa ana sura ya kwanza tu.

Machi 10

Wa kwanza kuleta ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwalimu wa shule ya msingi. Alitoka darasani moja kwa moja, chaki bado iko kwenye mkono wa gauni. Tasnifu yake inahusu mahudhurio ya wanafunzi msimu wa mvua katika shule tatu za bondeni. Akanipa shikamoo ingawa simzidi hata miaka kumi. Nikaitikia huku rula iko mkononi.

"Kushoto pamepungua," nikamwambia.

"Kiasi gani, mama?"

"Milimita mbili."

Akacheka kidogo, akidhani namtania. Aliponitazama vizuri akaacha.

"Milimita mbili nani ataziona?"

"Mimi nimeziona."

"Jamani. Ni kurasa mia na arobaini na nane. Wale wa steshenari ndio waliopanga, mimi nili..."

"Basi shahada wapewe wao."

Nakiri nililifurahia jibu hilo. Akanieleza kwamba huu ni mwaka wake wa sita na muhula wake wa mwisho wa usajili. Ikipita Mei anafutwa, na kila alichokifanya kinafutwa pamoja naye. Nikamwambia tarehe naijua, mimi ndiye niliyeibandika. Akaomba aondoke na nakala yake. Hapana. Nakala iliyorudishwa inabaki kabatini kwangu, ili anapoleta nyingine nilinganishe nione kama amerekebisha au amenipiga chenga. Akatoka akiwa ameshika mkoba mtupu.

Machi 11

Mvua imeanza saa nane mchana. Ofisi inavuja kwenye kona, pale pale pa mwaka jana.

Machi 18

Mwalimu amerudi, gauni limelowa mpaka magotini. Pambizo ziko sawa. Marejeo nikayahesabu moja moja: ndani ametaja watu mia moja na kumi na wawili, kwenye orodha wako mia moja na kumi na mmoja. Nilitumia asubuhi nzima kumtafuta huyo aliyekosekana. Nilipomkuta ukurasa wa 97 nilisikia raha ya ajabu.

"Nimwongeze kwa kalamu hapa hapa, mama?"

"Kwa kalamu mwandikie barua shemeji yako."

Nakala ya pili imeingia kabatini.

Machi 21

Dokta sasa anakula mchana ofisini kwangu kila siku, anasema kwake umeme unakatika. Nimetoa nakala ya kwanza ya yule Mwalimu nikampa. "Soma uone wenzio wanavyokosea," nilimwambia, maana nyekundu yangu imo humo na inafundisha. Alikaa nayo mpaka saa tisa.

"Huyu mama anajua kuandika, Shangazi."

"Hajui kupima."

Tukacheka wote wawili. Amejizoesha kuchezea simu yake huku akisoma, nikamgombeza kidogo, nikammiminia chai.

Machi 26

Mvua. Nimerudisha wanne. Mmoja kalia mpaka kapaliwa. Nimempa karatasi ya chooni, ndiyo iliyokuwepo.

Aprili 2

Mwalimu, mara ya tatu. Marejeo yametimia, nikaingia kwenye majedwali. Jedwali pana hulazwa ubavu, kichwa chake kikielekea mgongo wa kitabu. Jedwali lake la tisa, ukurasa wa 88, kichwa kimeelekea nje. Ni kosa ninaloliona labda mara moja kwa miaka mitatu, na nikalizungushia duara zuri.

Safari hii hakubisha. Alisimama tu, maji yanamdondoka kwenye sakafu yangu.

"Mama, haya yote si ungeniambia siku ile ya kwanza? Ningeyarekebisha kwa pamoja."

"Siku ya kwanza sikufika ukurasa wa 88."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikosea ukurasa wa kwanza."

Akaanza kunieleza jinsi alivyozitafuta hizo namba za jedwali la tisa, miaka miwili anatembea shule hadi shule kwenye matope. Nikamwambia foleni ni ndefu. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Aprili 11

Kikao cha idara. Mkurugenzi amesimama kutangaza kwamba mpaka sasa tumerudisha tasnifu tisa kati ya kumi na moja. "Viwango vinapanda," alisema, akanitaja, wakapiga makofi. Profesa anayemsimamia yule Mwalimu hakupiga, alikuwa amesinzia. Ana wanafunzi thelathini na mmoja, na Dokta wangu ni mmoja wao. Saini anaziweka akiwa amesimama kwenye korido, karatasi imeegemezwa ukutani.

Aprili 15

Mvua siku ya sita mfululizo. Dokta haji tena kula. Anasema anaandika, sauti imemkauka, macho mekundu. Nimefurahi sana.

Aprili 22

Lazima niandike leo leo, kesho nitajidanganya.

Saa tatu asubuhi Dokta aliingia amevaa shati la kola, ameishika tasnifu yake kwa mikono miwili. Kurasa mia na arobaini na tano. Nikaweka rula. Sentimita nne. Sentimita nne. Sentimita nne. Ikisiri maneno mia mbili themanini. Marejeo yote yamo. Kwenye ukurasa wa kutabaruku kaandika: kwa shangazi yangu, aliyenilea. Machozi yalinitoka, sikuona haya. Nikagonga muhuri, nikaandika daftarini, nikamwambia aende akapumzike.

Baada ya chakula niliichukua tena, si kukagua, ni kutaka tu kuishika. Ikafunguka kwenye jedwali lililolazwa ubavu. Kichwa kimeelekea nje.

Nilikaa nalitazama. Halafu nikafunga mlango kwa ufunguo, nikatoa nakala ya kwanza ya Mwalimu kabatini, nikaziweka zote mbili sambamba. Na hapo, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi hii, nikaanza kusoma tasnifu.

Shule A, B na C zimeitwa 1, 2 na 3. Sura ya kwanza ni yake kweli, naitambua, ni mbaya. Kuanzia ya pili mpaka ya tano ni neno kwa neno. Hata mahali Mwalimu anapoandika kwamba mvua ilimkuta barabarani akajibanza chini ya paa la kinyozi, Dokta naye alijibanza chini ya paa la kinyozi. Kumbe ile simu aliyokuwa anaichezea alikuwa anapiga picha, ukurasa baada ya ukurasa, huku mimi namimina chai. Nilisoma mpaka mlinzi akagonga kuniuliza kama niko salama.

Aprili 23

Nilimwita nyumbani kwangu alfajiri kabla ya kazi.

"Umeiba."

"Shangazi, punguza sauti, majirani."

"Nimekuuliza au nimekwambia? Umeiba kazi ya mtu."

Alivua miwani akaifuta, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo na kosa limejulikana. Nilidhani analia. Alipoinua uso alikuwa ametulia kabisa.

"Wewe ndiye uliyenipa mkononi," alisema. "Watasema nini wakisikia nakala za watu unazigawa wakati wa chakula?"

Akaendelea taratibu, akinielewesha.

"Ile mashine ya kukagua unakili inalinganisha na tasnifu zilizopokelewa tu. Ya yule mama haijapokelewa. Mpaka sasa hakuna aliyeiba chochote."

"Na akiileta tena nikaipokea?"

"Tumekwisha, mimi na wewe. Nafasi imekwenda, na wewe pensheni imekwenda. Lakini si unamrudishaga, Shangazi? Endelea tu kumrudishia. Mwezi mmoja na wiki. Akifutwa, imekwisha hiyo."

Nilitaka kumpiga kofi la maana. Badala yake nikamuuliza kama amekula.

Aprili 24

Nimeipeleka ya Dokta kwa watahini. Mvua.

Aprili 29

Mwalimu, mara ya nne. Jedwali amelilaza sawasawa. Nilipekua nikitafuta kosa, nikalikosa, nikatafuta tena. Mwisho nikahesabu ikisiri: mia mbili tisini na nne. Nikajumlisha na maneno ya kichwa cha habari, ikafika mia tatu na tano.

"Kichwa cha habari nacho kinahesabiwa?" aliuliza.

"Kinahesabiwa."

"Tangu lini?"

Nikazungushia ikisiri nyekundu. Alinitazama muda, akachukua mkoba wake. Mlangoni akasema, "Haya, mama, nitapunguza."

Nimeileta hii nakala nyumbani. Ni kinyume cha kanuni, na ya kinyume nimefanya makubwa kuliko hili. Naisoma kila nikitoka kazini. Sikujua kwamba humu kwenye majalada kuna watu. Kuna mama aliyemwambia Mwalimu kwamba wanawe wawili wana jozi moja ya viatu, basi wanakwenda shule kwa zamu. Kuna mwalimu mkuu anayefunga shule mvua ikizidi na kuandika kwamba imefunguliwa. Mwalimu hapambi wala hatii chumvi. Anaweka namba, halafu anamweka mtu mwenye hiyo namba. Nimepima tasnifu labda mia sita maishani na sijui ni ngapi kati yake zilikuwa hivi.

Naona aibu. Nimeiandika hapa kwa sababu pengine pote siwezi kuisema.

Mei 6

Mvua. Nimerudisha wawili, kwa makosa ya kweli.

Mei 9

Nilimkuta Profesa kwenye ngazi. Nikamuuliza, kwa kujitia hamnazo, kama tasnifu ya yule Mwalimu ni nzuri. "Ipi hiyo?" akauliza. Nikamwambia ya mvua. "Aa, ya mvua. Nzuri, nzuri. Niliisaini mara mbili." Akaendelea kushuka. Mara mbili hizo, moja ilikuwa ya Dokta.

Mei 14

Mwalimu, mara ya tano. Nimemwambia namba za kirumi za kurasa za mwanzo ziwe kulia, ameziweka katikati. Kanuni inasema ziwe chini, basi. Haisemi kulia. Nilimwangalia usoni nikasema kulia.

Hakuondoka. Alivuta kiti ambacho sikumpa, akakaa. Nje ilikuwa inanyesha kiasi kwamba hata ningemfukuza angekwenda wapi. Akaanza kuongea taratibu, nadhani hata hakuwa anaongea na mimi.

"Unajua kwa nini niliianza hii kazi? Wiki ya saba ya mvua, mwaka ule. Shule B. Utaona kwenye jedwali watoto kumi na mmoja wa darasa la tano wamepotea ghafla wiki nzima. Hawakupotea. Ubao wa kuvukia mto ulikuwa umechukuliwa na maji. Walikuja kila siku, sare zimelowa, wakasimama ng'ambo. Wanatuona, tunawaona. Wakisikia kengele ya saa sita wanageuka wanarudi kwao. Siku tano. Na mimi mwalimu wao wa darasa, daftari mkononi, nikawaandika hawapo. Siku zote tano. Ndivyo daftari linavyotaka, aliyeko ng'ambo hayupo."

"Mbona hilo hukuliandika?" nikauliza. Ulimi ulinitangulia. Sikutakiwa kujua kwamba hakuliandika.

Hakugundua. "Niliona haya," alisema. "Sijamwambia hata mume wangu. Sijui kwa nini nakwambia wewe."

Kisha akauliza namba za kirumi ziwe kulia kabisa au kulia kidogo.

Mei 21

Mvua imepungua. Utetezi wa Dokta umepangwa tarehe 20 Juni. Mtahini wa nje ameandika kwamba ni kazi ya kiwango cha juu. Dokta alinisomea barua hiyo kwa simu, akacheka kwa raha. Nilikata simu, baadaye nikamwambia ni mtandao.

Mei 30

Mwalimu aliingia saa nane na nusu mchana, na mvua iliyokuwa imetuacha siku nne ilirudi pamoja naye. Tasnifu alikuwa ameifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki na yeye mwenyewe kalowa chapachapa. Akaifungua mezani. Kavu kabisa.

Tangu asubuhi nilikuwa nimejiambia mambo mawili. La kwanza, kwamba nitagonga muhuri na liwalo na liwe. La pili, kwamba Dokta alikuja kwangu ana miaka kumi, kabeba nguo zake kwenye boksi la sabuni. Nilikuwa sijaamua. Nikachukua rula.

Kwa kawaida tasnifu moja hunichukua dakika arobaini. Leo nilipima kila ukurasa, pande zote nne, na kila nilipopima niliandika namba pembeni kwenye karatasi yangu. Hakuna kosa. Ikisiri mia mbili themanini na tisa. Marejeo mia moja na kumi na mawili. Namba za kirumi kulia, kulia kabisa. Saa tisa na robo nilikuwa ukurasa wa 50. Saa kumi kasorobo, ukurasa wa 104. Alikuwa amesimama upande wa pili wa meza.

"Mama," alisema mwisho, "naomba unigongee tu muhuri, hayo mengine utaendelea nayo."

"Muhuri ni wa mwisho."

Akatazama saa ya ukutani. Akatazama karatasi zilizobaki. Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau: akainama juu ya meza akaanza kunifunulia kurasa ili niwahi. Namaliza ukurasa, ameshafunua unaofuata, anaushikilia kwa vidole viwili usijikunje. Vidole vilikuwa vimejikunja kwa maji. Tulifanya kazi pamoja hivyo dakika kumi na mbili, na mimi sikuongeza mwendo.

Ukurasa wa 131 niliweka rula chini.

"Umekuta kosa gani?"

"Sijakuta."

"Basi gonga."

"Saa kumi imepita."

Ilikuwa imepita kwa dakika mbili. Aligeuka kuitazama, akanigeukia.

"Ulikuwa unaisubiri."

"Nilikuwa napima," nikasema.

Nilingoja apige kelele. Wengine hupiga, wengine hutukana ukoo mzima, na hapo ndipo ninapojua la kufanya. Yeye alikunja ile mifuko miwili ya plastiki vizuri, akaitia mkobani. Tasnifu hakuichukua. Baada ya tarehe ya mwisho ana haki ya kuondoka nayo, nikamwambia hivyo, nikamwambia mara mbili. Alikuwa ameshashuka.

Juni 2

Jua. Kona imeacha kuvuja. Majina sita yamefutwa kwenye usajili, la Mwalimu ni la nne.

Juni 9

Mwalimu ameona tangazo la utetezi ubaoni. Kichwa cha habari Dokta amekigeuza kidogo tu, maneno manne kati ya kumi na moja. Ameandika barua ya kurasa tatu kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi amenipa mimi nimchapie jibu: malalamiko kuhusu unakili hupokelewa kutoka kwa mwanafunzi aliyesajiliwa, na mlalamikaji si mwanafunzi aliyesajiliwa. Nimelichapa. Profesa ameulizwa, akasema mada ya mvua ni mada ya watu wengi.

"Hata hivyo utetezi ni wa wazi," Mkurugenzi aliniambia akiweka saini. "Akitaka, aje kama raia yeyote. Ataruhusiwa swali moja."

Juni 15, Jumapili

Dokta alikuja mchana kujiandaa. Haijui tasnifu. Anajua kurasa, hajui zinasema nini. Nilimuuliza kwa nini wasichana wanapotea kabla ya wavulana, akasema labda ni mila. Nilimkalisha hapo mezani kwa muda wa saa nne. Nikamfundisha sura ya tatu, nikamfundisha ya nne, nikamweleza jozi ya viatu na mwalimu mkuu mwongo, nikamrudisha mwanzo kila alipokosea. "Shangazi, wewe ndio ungetetea," alisema. Alidhani ananisifia.

Tukafika jedwali la tisa. Wiki ya saba, Shule B, watoto kumi na mmoja. Hakuna maelezo popote ndani ya tasnifu. Mtu yeyote mwenye akili atauliza hapo, na aliyekuwepo tu ndiye atakayejibu. Na kama kuna raia mwenye swali moja, nalijua swali lake.

Niliondoka mezani, nikaenda jikoni, nikafungua bomba nikalifunga. Niliporudi nilimwambia yote: ubao, mto, sare, kengele ya saa sita, daftari. Nilijua ninachofanya. Nisije kusema siku moja kwamba sikujua.

Dokta alinukuu kwenye daftari lake dogo. "Hii nzuri sana," alisema.

Juni 20

Ukumbi ulijaa nusu. Nilikaa safu ya pili, kama mzazi. Mwalimu aliingia wakati Dokta ameshaanza, akakaa nyuma karibu na mlango, gauni lile lile, kavu. Mikononi hakuwa na kitu.

Dokta alitetea vizuri. Mtahini wa nje alimsifu kwa uvumilivu wa kutembea kwenye matope miaka miwili. Profesa aliitikia kwa kichwa. Kisha Mkurugenzi akauliza kama kuna swali kutoka kwa waliohudhuria, na mkono mmoja ukanyooka nyuma.

"Jedwali la tisa," Mwalimu alisema. Sauti haikutetemeka hata kidogo. "Wiki ya saba, Shule ya 2. Watoto kumi na mmoja wa darasa la tano. Humu ndani hukueleza. Walikuwa wapi?"

Niliona anasimama wima zaidi. Alikuwa ameubana mlango pekee uliobaki, na ulikuwa mlango mzuri, usiopitika kwa mwizi.

Dokta alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Asante kwa swali hilo, mama. Ni gumu kwangu kulizungumzia," alisema. "Hawakuwa watoro. Ubao wa kuvukia mto ulichukuliwa na maji. Walikuja kila siku wakasimama ng'ambo, sare zimelowa, mpaka kengele ya saa sita. Mwalimu wao akawa anawaandika hawapo. Niliwaona kwa macho yangu. Niliona pia yule mwalimu akiandika, na nikajiuliza, huyu ni mwalimu wa namna gani."

Hilo la mwisho sikumfundisha. Aliliongeza mwenyewe.

Mtahini wa nje alitoa leso. Makofi yakaanza upande wa kushoto, yakaenea.

"Umeridhika, mama?" Mkurugenzi akauliza.

Mwalimu hakumtazama Mkurugenzi wala Dokta. Alipita na macho safu moja moja, polepole, mpaka akanifikia mimi, na hapo akasimama.

"Nimeridhika," alisema.

Nilitoka kabla ya matokeo kutangazwa. Alikuwa kwenye korido, ameegemea ukuta, mahali Profesa anapowekea saini. Ningeweza kupita. Sikupita.

"Umeisoma," alisema.

"Nimeisoma."

"Yote?"

"Mara nne."

Nilingoja matusi, na kusema kweli nilikuwa nayahitaji. Alivuta pumzi tu.

"Miaka sita," alisema. "Profesa hakuifungua, wenzangu kazini hawakuifungua, mume wangu alifika ukurasa wa tisa. Wewe ndiye mtu wa kwanza." Akanisogelea. "Basi niambie. Ilikuwa inafaa?"

Ndani walianza kushangilia, nikajua Dokta amefaulu. Mwalimu hakugeuka hata kusikiliza. Alikuwa ananitazama mdomoni, na nikaona kwamba anataka kujua kweli, kwamba baada ya yote haya bado hajui.

"Ilifaa," nikamwambia. "Tangu siku ile ya kwanza uliyoileta."

Akaitikia kwa kichwa mara mbili, kama mtu anayesomewa majibu ya vipimo hospitali. Akasema asante. Alianza kushuka ngazi akiwa ameshika chuma cha pembeni, na kwenye ngazi ya tatu akakaa.

Nyuma yangu mlango ulifunguliwa, na Dokta akaniita kwa sauti ya juu, "Shangazi, njoo, tunapiga picha!"

Nikaenda. Waliniweka katikati.